Kisima cha Pujini hakihitaji kufuli la tarakimu

*"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, natengeneza gemu ya mafumbo yenye hadithi, ya sehemu tatu. Ya kwanza imo ndani ya nyumba ya tajiri Mji Mkongwe mwaka 1885, ya pili kwenye magofu ya Pujini hapa Pemba, ya tatu kwenye kisiwa cha kubuni karibu na Pemba. Nimewapa wenzangu waijaribu. Wanasema picha ni nzuri lakini mafumbo yamebandikwa tu, na barua za kusoma ni nyingi mno, wanaziruka. Wengi wamekwama kwenye mlango wa kufuli la tarakimu nne wakaacha kabisa. Mmoja kaniambia gemu za mafumbo hazihitaji hadithi, mwengine kaniambia nitie majini na popobawa ili watu wavutiwe. Sina fedha za kulipa waigizaji. Na je, ni vibaya kila sehemu kuwa na mahali pake tofauti?"*

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Nimeyasoma maelezo yako, pamoja na muhtasari wa gemu uliouambatisha, zaidi ya mara moja, na ninavyoelewa, unavyo vitu vitatu vizuri visivyojuana: una mahali, una mafumbo, una hadithi. Mahali pamekuwa pazia la nyuma, mafumbo yamekuwa vizuizi njiani, na hadithi umeitia kwenye barua kwa sababu haikupata pengine pa kukaa. Ndiyo maana wenzako wanaziruka barua. Wewe mwenyewe ungeziruka, kwani mtu aliyeshika kufuli mkononi anatafuta tarakimu tu. Habari za mapenzi ya bibi harusi hazimo akilini mwake wakati huo.

Nianze na huyo aliyekwambia kuwa gemu za namna hii hazihitaji hadithi. Mfululizo uliofanya gemu hizi zijulikane dunia nzima unakanusha maneno yake. Myst ilitoka mwaka 1993 kwa kompyuta za Macintosh, ikatengenezwa na ndugu wawili wa Kimarekani, Rand na Robyn Miller, kwa programu ya HyperCard. Haikuwa na adui wa kupigana naye wala saa ya kukukimbiza. Ilikuwa ni picha tuli, kama 2,500, unazozipitia moja moja kwa kubonyeza. Iliuza nakala zaidi ya milioni 6, na kwa miaka mingi haikupitwa na gemu yoyote ya kompyuta mpaka The Sims ilipoipita mwaka 2002. Watu hao wote hawakuvutiwa na mafumbo matupu. Walitaka kujua kisiwa kile ni cha nani, na kwa nini hakina mtu.

Sasa tazama walivyoisimulia, maana kwa upande mmoja hali yao ilikuwa kama yako: waigizaji wa kulipwa hakuna. Rand mwenyewe aliigiza watu wawili na Robyn akaigiza wa tatu. Katika maktaba ya kisiwa mna vitabu viwili, chekundu na cha buluu, na ndani ya kila kimoja amefungwa kijana mmoja, mtoto wa mwenye kisiwa. Ukikifungua unamwona kwa shida, picha imejaa mikwaruzo na sauti inakatika. Kila ukurasa unaouleta kutoka ulimwengu mwengine unaifanya picha ing'ae zaidi na maneno yaeleweke zaidi. Kila mmoja anamsingizia mwenziwe. Kumbe katika kila ulimwengu unaopita mna vyumba vyao: cha huyu kimejaa dhahabu na anasa, cha yule kimejaa silaha na vyombo vya kutesea. Hakuna barua inayokwambia kuwa wote wawili ni waovu. Unakijua hicho kwa kusimama chumbani mwao. Mchezaji aliyetazama vizuri haamini maneno ya yeyote kati yao, na aliyeharakia ukurasa tu anaishia kufungwa ndani ya kitabu yeye. Zawadi ya fumbo ilikuwa ni hadithi yenyewe, na ushahidi wa hadithi ulikuwa ni mahali.

Hata hivyo Myst ina mafumbo yanayostahili lawama hiyohiyo waliyokupa wenzako. Kuna chombo cha angani chenye kinanda ambacho lazima ukipige kwa kufuata sauti. Asiye na sikio la muziki anateseka, na ukiuliza kwa nini mtu aliyeishi pale afunge mlango wake kwa kinanda, hupati jibu. Ndugu hao waliliona hilo. Sehemu iliyofuata, Riven, ya mwaka 1997, ndiyo ninayotaka uisome kama mwanafunzi, kwani humo mafumbo yamekuwa ni maisha ya watu wa pale.

Nakupa mfano mmoja tu wa Riven. Kijijini mna skuli ya watoto. Juu ya meza pana mchezo wa mbao: unazungusha, inatokea alama, na kijisanamu cha mtu kilichoning'inizwa kinashuka kwa idadi ya alama ile kuelekea mdomo wa mnyama mkubwa wa baharini. Ukiucheza mara kadhaa umeshajifunza kuhesabu kwa tarakimu zinazotumika pale, na huko mbele huwezi kuendelea bila tarakimu hizo. Lakini pia umejifunza jengine. Mtawala wa visiwa vile, Gehn, anawafundisha watoto hesabu kwa kuwaonyesha jinsi watu wanavyotupwa kwa mnyama. Kitu kimoja kimefanya kazi mbili kwa wakati mmoja, tena bila ya mtu kutamka neno.

Sababu ya jambo hili kufanya kazi unaijua tangu utotoni, kwa sababu umekulia kwenye vitendawili. Ukiambiwa "kuku wangu katagia mibani", jibu ni nanasi, na unaporidhika ni kwa kuwa nanasi unalijua, umeliona shambani, na kumbe muda wote lilikuwa kuku aliyekaa mibani na wewe hukumwona. Kitendawili hakikupi elimu mpya. Kinakufanya ukitazame tena ulichokuwa nacho. Fumbo la gemu likifuata njia hiyo, mchezaji akikwama anarudi kutazama mahali, na kila akitazama anaokota hadithi. Kufuli la tarakimu nne haliwezi hayo. Tarakimu 7341 haifanani na kitu chochote ndani ya nyumba ile, kwa hiyo mchezaji anakwenda kupekua karatasi, na akiipata anaisahau papo hapo.

Basi tuingie ndani ya nyumba yako ya 1885. Jambo la kwanza, litoe kufuli hilo. Mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe ulifungwa kwa komeo, kwa mnyororo, kwa kufuli la ufunguo. Usiufanye mchoro wa mlangoni kuwa msimbo pia, kwamba samaki ni hiki na mnyororo ni kile. Maana wanazoambiwa wageni vichochoroni hazitoshi kujengea fumbo la haki. Mlango unakwambia mengi kwa njia nyepesi zaidi: una njumu (misumari mikubwa ya shaba) au hauna, juu ni upinde au ni bapa, pana maandishi na mwaka au hapana. Nani alilipia mlango huu, na alitaka jirani zake wafikiri nini?

Halafu watu wa nyumba. Umeandika tajiri, mkewe, binti na nahodha. Nani anateka maji? Nani analala chini karibu na ghala? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Nyumba ya tajiri ya 1885 isiyokuwa na dalili ya watu hao itakuwa inadanganya, na mchezaji wa hapa atalihisi hilo hata kama hatalisema. Huna haja ya kuandika barua ya kuhuzunisha. Weka ngazi mbili, moja pana na moja nyembamba ya nyuma, kisha fanya nusu ya mafumbo yapite ngazi ya nyuma.

Barua umesema unazo nyingi. Bakisha mbili au tatu, na kila moja iwe na sababu ya kuandikwa. Badala ya zilizobaki, chukua daftari la mizigo. Hapo kuna fumbo ambalo nakuomba ulijaribu. Nahodha amedai kwamba jahazi lake liliingia kutoka Maskati mwezi wa Mfunguo Mosi, mwaka 1302 Hijria. Mfunguo Mosi wa mwaka huo ulianza katikati ya Julai 1885, na wakati huo ni kusi tupu, upepo wa kutoka kusini. Jahazi la tanga kutoka Maskati huja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, baina ya Disemba na Machi, na kurudi kwa kusi. Basi nahodha anasema uongo, na hakutoka Maskati. Alikuwa wapi? Mchezaji amefika hapo kwa kuweka pamoja kalenda mbili na upepo wa bahari yake mwenyewe, na fumbo hilo halingeweza kuhamishiwa nchi nyengine yoyote. Kijana wa Mkoani au Nungwi atalinusa mapema. Mgeni inabidi umfundishe kabla, kama ile skuli ya Riven: chumba cha binti kiwe na kalenda yenye hesabu zote mbili, na dirisha lionyeshe bendera inayopepea upande mmoja msimu huu na upande mwengine msimu ujao.

Fanya hivyohivyo ukitumia saa ya ukutani. Sisi tukiona mshale kwenye saa kumi na mbili na magharibi inaingia hatushangai, lakini mchezaji wa mbali atadhani saa imeharibika. Muonyeshe mara moja, mahali ambapo kukosea hakumgharimu kitu, kisha ndiyo umtegee.

Pujini ndipo uliponisikitisha kidogo, kwa sababu umekalia hazina ukatia mienge na kufuli. Magofu yale ni ya ngome ya karne ya 15, na wenyeji wanayahusisha na Mkama Ndume, mtawala anayekumbukwa kwa ukatili. Kisima chake ndicho kisa chenyewe. Inasimuliwa kwamba alikuwa na wake wawili wenye kuoneana wivu, akakigawa kisima ili wasikutane: mmoja akichota kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwengine akishuka ngazi mpaka majini. Sasa fikiri. Fumbo lako limeshajengwa na watu wenyewe. Mpe mchezaji njia mbili za kufikia maji yaleyale. Anayeteremka na ngazi aone kamba inayoning'inia asiyoweza kuivuta. Aliye juu aone nyayo za mtu aliyepita chini. Kitu alichokiacha mke mmoja majini kipatikane tu kwa chombo cha mke mwenziwe. Mchezaji akifanikiwa, amewakutanisha wanawake wawili ambao mume alijenga ukuta ili wasikutane. Hakuna aliyesema lolote, na hadithi imekwisha simuliwa.

Ukitaka kuongeza sauti zao, tumia kanga katika sehemu nyengine ya gemu, lakini si hapa. Kanga ni vazi la karne ya 19 na Pujini ni ya kale zaidi. Katika nyumba yako ya Mji Mkongwe pia ukae na hadhari. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi tunayoyajua leo, kwa hiyo sanduku la kanga zenye majina ya kupigana vijembe, kama "hasidi hana sababu", lifae hadithi ya miaka ya baadaye.

Kisiwa chako cha kubuni kipe maji. Hiyo ndiyo rai yangu, na naisema kwa nguvu. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvu, tofauti ya kujaa na kupwa ikafika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inabaki kama mita moja. Na bamvu la kwetu maji hukauka sana kama saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo wakati kina mama wanatoka na vijiti kutafuta pweza miambani. Kisiwa kimoja kwa hiyo kinakuwa viwili: kile cha maji kujaa, chenye njia za mashua, na kile cha maji kupwa, chenye mchanga wa kupitia kwa miguu mpaka kwenye jengo ambalo jana lilikuwa kisiwa peke yake. Unachora mahali pamoja tu, mchezaji anapata pawili. Kwa mtu asiye na fedha hilo si dogo.

Mchezaji atajuaje lini bamvu litakuja? Ukutani mwa kibanda mna alama za mkaa, safu safu, 29 au 30 kila safu, na kila baada ya siku 14 au 15 pana alama nene. Aliyeziandika ni mwanamke mvuvi wa pweza. Mwanzoni mchezaji atadhani ni hesabu ya uvuvi tu, na itamfaa kwa kazi hiyo. Akizitazama tena ataona kwamba kuanzia safu fulani alama nene zinaendelea lakini fimbo ya pweza imetundikwa na kushika vumbi. Alikuwa hahesabu tena maji ya kuvulia. Alikuwa anahesabu siku ambazo mtu angeweza kurudi kwa miguu.

Kuhusu majini, sikukatazi, ila nakuwekea sharti. Jini akiweza lolote, basi fumbo lolote linaweza kutatuliwa na jini, na mchezaji ataacha kufikiri. Mtie ikiwa utampa mipaka na ukaionyesha mapema: hapiti hapa, hasikii kile, hutoka saa hii tu. Popobawa, yule kiumbe anayesemwa kuwavamia watu usiku, muache. Hofu ile ya 1995 ilianzia kwenu Pemba, watu waliumia kwa kushukiwa, na wengi wa walioipitia wako hai. Kuifanya kivutio cha gemu ni kuwafanyia jambo lisilo zuri. Na adhana iache iwe alama ya wakati kama ilivyo katika mji halisi. Mimi nisingeifanya ufunguo wa mlango.

Kuwa na mahali tofauti kila sehemu si kosa. Myst III: Exile ya mwaka 2001, iliyotengenezwa na kampuni nyengine, Presto Studios, ilihamia malimwengu mapya kabisa, kila mmoja na tabia yake: mmoja wa mitambo ya kani na mwendo, mmoja wa nishati, mmoja wa miti na viumbe. Kilichoyaunganisha ni familia ileile na jeraha lilelile. Mtu anayelipiza kisasi katika sehemu hiyo ameharibiwa nchi yake na ndugu wale wawili wa vitabu vya kwanza, wakati mchezaji hata hajawasahau. Kwako wewe uzi ninaouona ni kungoja: mwanamke wa kisiwani anamngoja mtu, na nahodha wa 1885 hakuwa Maskati. Sina haja ya kukumalizia. Pujini, kwa kuwa ni karne nne nyuma, itabidi iingie kama mahali ambapo mmoja wa watu hao alijificha au alificha kitu, vinginevyo itabaki kama safari ya matembezi.

Kwa upande wa kutengeneza, picha tuli bado ni njia ya heshima, hasa kama wachezaji wako wengi wanatumia simu za bei nafuu. Zinakupa uzuri mkubwa kwa nguvu ndogo ya simu. Hasara yake ni kwamba maji kujaa na kupwa yatakulazimu kuchora kila pembe mara mbili au tatu. Ukitumia Blender kuchora na Godot kujenga, zote ni za bure, unaweza kufanya kisiwa peke yake kiwe cha kutembea huru na nyumba ya Mji Mkongwe ibaki kwa picha tuli. Waigizaji huwahitaji wengi. Sauti moja ya bibi anayejua kusimulia, ikisikika kwa vipande vifupi, itazidi sauti kumi za kulipwa zinazosoma karatasi.

Kuhusu wanaokwama, msaada upo katika desturi yetu. Anayeshindwa kitendawili huambiwa "nipe mji", akatoa mji, ndipo akapewa jibu. Hakufukuzwa mchezoni, na hakupewa bure. Fanya hivyo: mchezaji akishindwa, amtolee msimuliaji kitu alichokipata, apewe dokezo, na ikiwezekana mji aliouacha urudi baadaye kwenye hadithi.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, nawe uende mwenyewe. Kabla ya kuchora Pujini, zungumza na watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale Chake Chake, kisha uulize wazee wa kijiji kisa wanachokisimulia na kipi hawapendi kionyeshwe. Panaweza kuwa na sehemu za ibada au mizimu ambazo si zako kuzifungua. Kwa nyumba ya 1885, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina barua na madaftari ya wakati huo, mengi yakiwa kwa hati za Kiarabu, kwa hiyo nenda na mtu anayezisoma. Ukikaribia kuiuza, onana na Ofisi ya Hakimiliki, hasa kama umemrekodi bibi wa watu: mkubaliane kwa maandishi kabla sauti yake haijatoka.

Na ukipata toleo jipya, usiwatumie wenzako halafu ukaomba maoni. Kaa nyuma ya mtu mmoja akicheza, ufunge mdomo, uandike kila mahali anaposimama na anachokitazama anapokwama. Akitazama kuta, dirisha na mawimbi, endelea. Akianza kupekua karatasi, fumbo hilo livunje ulijenge upya.